Pasi ya Jioni

Dzaleka, wiki ya pili baada ya Pentekoste

Kwa kaka yangu mpendwa Apollinaire,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wifi yangu Marlène na batoto wote hapo Chilinde, Lilongwe. Mgongo wako unasemaje? Umekwenda kuutazamisha, au bado unabeba marobota ya vitenge pale soko la Tsoka kama kijana? Mi ni mzima, nakula, nanenepa kidogo, na baridi ya kambi yetu ya Dzaleka imeanza. Kitambaa cheupe ulichotuma kwa minibasi kilifika chote, asante sana.

Uliniuliza kama kanzu za kwaya zimekwisha. Nitakueleza, lakini vumilia, maana lazima nianzie kwenye umeme. Unajua kwamba sisi majirani wa mstari wetu tulichanga tukanunua sola moja kubwa na betri yake. Furaha ilikuwa ya siku chache. Jioni kila nyumba inachomeka kitu chake, betri inashindwa, na wote tunabaki gizani tukilaumiana kupitia madirisha. Njo hapo mwalimu Guy, yule anayefundisha kompyuta, akatuletea soketi zinazoongea na simu. Kila nyumba ina yake. Kwenye simu unaona nani anatumia kiasi gani, na mzigo ukizidi, soketi zinajizima zenyewe moja moja, kwa mpangilio ambao sisi wenyewe tumeukubali.

Mpangilio ule, kaka, ulitutoa jasho kuliko uchaguzi wa wazee wa kanisa. Taa za batoto wenye kusoma zisiguswe, hapo hakuna aliyebisha. Friji ya Mama Dévote ikafuata, maana alisema juisi zake zikiharibika atatunywesha sisi. Kisha kibanda cha Niyibizi, kinyozi Mrundi aliyefiwa na mkewe: ana mashine za kunyolea, televisheni ya mpira, spika, na simu za watu anazochaji. Mwisho kabisa, yaani ya kwanza kuzimwa, pasi yangu, kwa sababu pasi inakula kuran ya betri kuliko vyote. Halafu wakanichagua mi kuushika mpangilio, eti sina upendeleo. Wengine wanatazama tu kwenye simu zao, kubadilisha ni mi peke yangu. Ona mtego walioniwekea: uwezo wa kujiweka wa kwanza uko kwenye kidole changu, na mi ndiye wa mwisho.

Mchana niko centre ya mafunzo nafundisha wasichana kushona, kwa hiyo pasi ni ya jioni. Kushona si shida, cherehani yangu ni ya miguu. Shida ni kola. Kile kitambaa kigumu cha ndani hakishiki bila pasi yenye moto sana, na pasi ya makaa ilikwisha kutema majivu juu ya kanzu ya kwanza, nyeupe pe, nikalia. Mzee Ndayiragije wa kanisa alikuwa ameniambia wazi kwamba kanzu zisipokuwa tayari kwa Pentekoste, watanunua za dukani huko mjini, na wasichana wangu wasitegemee tena kazi ya kanisa. Kwa wengi wao hiyo ndiyo kazi yao ya kwanza maishani. Na kila jioni, nikifika katikati ya kola, pasi inapoa mkononi. Mara nyingi niliishika ile simu, nikairudisha mfukoni. Nilikuwa na hasira hata na friji ya watu.

Kisha wiki moja pasi haikuzimika. Nikapiga kola ya kwanza, ya pili, mpaka nikachoka mi, pasi bado ina moto. Kesho yake nilikwenda kumshukuru Guy, nikidhani ameitengeneza betri. Akacheka, akaniambia hakugusa kitu, nitazame simu kabla ya kugawa shukrani. Nikatazama. Mstari wa matumizi ya kibanda cha Niyibizi, ambao jioni ulikuwa unapanda, sasa jua likizama unaanguka chini na kulala hapo. Nikapita kwake. Taa zimezimwa, mpira hakuna, wateja wamehamia kwa kinyozi wa karibu na soko. Nilidhani anaumwa. Nilipomuuliza, na unajua mtu yule maneno yake ni kama anayanunua, alisema nywele zinaweza kungoja asubuhi, kola haziwezi. Akaniuliza kama nimekula, akarudi ndani.

Kanzu zilikwisha. Jumapili ya Pentekoste kwaya iliingia imenyooka, na wasichana wangu kwenye benchi la nyuma walikuwa wanakagua kola badala ya kusikiliza mahubiri. Mzee Ndayiragije alinishika mkono akasema hata kanzu za wazee tutashona sisi. Nilifurahi, kaka, nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Wiki iliyofuata kibanda kiliendelea kuzimwa. Nikaenda kumwambia kwamba sina tena kola, afungue, watu wanataka mpira wao. Alisema anajua, alikuwa kanisani, ila amezoea kukaa gizani huku anaona kwenye simu kwamba kwangu kunawaka. Halafu akauliza, macho yake kwenye viatu, kama kaka yangu wa Lilongwe ni mtu wa kupokea wageni. Nikamjibu kwamba nitafikiri. Huo ulikuwa uongo, nilikuwa nimeshafikiri tangu siku ya nywele.

Desturi yetu ya posa naijua. Ningekuandikia kwanza, ungekaa na wifi, kisha ungenipa neno. Lakini Jumatano, jua lilipozama, nilichomoa pasi, nikazima soketi yangu, nikakaa mlangoni gizani. Nilijua anatazama simu. Haukupita muda taa za kibanda zikawaka, televisheni ikaanza kelele zake, na yeye akatoka nje na kitana mkononi, akasimama ananitazama huku anacheka peke yake. Sikuwahi kumwona akicheka. Mama Dévote aliona yote dirishani, kwa hiyo Dzaleka nzima inajua, umebaki wewe.

Atakuja kwako Jumamosi na wajomba zake na kreti za Fanta. Mpokee vizuri, kaka, usimkazie macho. Na mwambie ndiyo polepole, kwa heshima zote za ukoo wetu, kama mtu anayempa habari mpya. Mi nimeshamwambia.

Marlène asihangaike na gauni, nitamshonea mwenyewe, na kola yake itasimama. Bwana awalinde wote nyumbani, na mgongo wako uutunze, tutauhitaji kwa kucheza.

Dada yako mdogo asiye na subira,
Antoinette