Mchanga wa Moto kwa Miguu ya Livio

Jumanne, 11 Juni 1957

Mwanangu Livio kalamba dirisha la gari sasa hivi. Dirisha zima! Nimempakata, kaiona bahari kwa mara ya kwanza maishani, akatoa ulimi kama anayeonjeshwa mchuzi. Na Secondo alikuwa amekisugua kile kioo tangu alfajiri, maana mume wangu ndiye dereva. Kaona yote kwenye kioo chake kidogo cha mbele. Mabega tu yanacheka.

Tumesimama Alassio, mji wa pwani. Signora Bodrero, bibi tunayemtumikia, kachoshwa na kona za barabara, yumo hotelini anachagua chumba. Tutalala hapa, kesho Mentone kwa dada yake. Mimi nimo safarini kwa kuwa mtumishi wake kaolewa, na hakuna mwingine wa kumfunga vifungo vya mgongoni. Livio yumo kwa sharti asilie. Hajalia. Kalamba tu.

Daktari alisema apelekwe baharini, miguu ifukiwe mchanga wa moto, ndipo ipate nguvu. Apelekwe na nani, kwa mshahara upi? Na leo bahari hii hapa! Anakaribia miaka miwili, hajasimama hata siku moja. Mama mkwe anasema nimezaa mtoto mwenye miguu ya jibini. Anasema huku anacheka, lakini anasema kila Jumapili.

Asubuhi moja tu ya mchanga. Siombi zaidi.

Jumatano, 12 Juni

Hatujaondoka! Signora kakutana na rafiki yake wa shule, wamezama kwenye karata tangu chai.

Nikamkimbiza Livio ufukweni. Mwangalizi wa pale anaitwa Bacì, mzee mwenye ngozi kama mkoba wa zamani. Kachimba shimo, kamkalisha, kamfukia mpaka kiunoni, kamvika kofia ya gazeti. Nilijua atapiga mayowe. Wapi! Katulia kama askofu. Mabibi wa safu ya mbele wakageuza viti vyao, kila mmoja na ushauri wake. Wa kwanza kasema nimpe mayai mabichi. Wa pili kasema mayai hapana, maini. Wa tatu kaninong'oneza nisiwasikilize hao wawili, hawajawahi kulea hata paka.

Alhamisi, 13 Juni

Mchanga tena. Halafu Bacì alipokuwa anamwosha, Livio kasukuma! Kasukuma kiganja cha mzee kwa unyayo, kwa nguvu. Bacì kasema hata punda wake hakuwahi kumsukuma hivyo.

Nilimwambia Secondo, akaacha kufuta gari. Kitambaa kikadondoka na hakukiokota.

Jioni tulitembea pembeni ya bahari, Livio begani kwa baba yake. Watu wamependeza, wanakwenda na kurudi, basi na sisi tukaenda na kurudi. Nilivaa viatu vyangu vya harusi. Aiskrimu moja, tukala watatu. Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa.

Usiku Signora, namfungua vifungo, kasema kesho asubuhi tunaondoka, dada yake anamngoja kwa chakula cha mchana. Nikasema ndiyo, Signora. Kisha nikaenda bafuni, nikafungua bomba, nikalia kidogo.

Ijumaa, 14 Juni

Mimi ni mjinga. Wakati nafunga masanduku nilimpa Livio kipande cha focaccia, mkate wa mafuta, ili anyamaze. Kala chote. Nikakimbia naye ufukweni tupate mchanga wa mwisho kabla ya gari. Bacì kashika koleo — kaona mafuta kidevuni. Koleo likarudi chini.

"Amekula huyu?"

Nikasema kidogo tu, mkate tu.

"Mama, aliyekula haingii majini, wala mchangani. Masaa matatu."

Nikamsihi. Mabibi wote wakawa upande wake, kila mmoja ana binamu aliyeingia majini ametoka kula, akazama. Kama sijui! Mimi hayo nilifundishwa kabla ya sala. Nikabaki nimesimama na mtoto wangu anayeng'aa mafuta. Secondo akaja, kofia mkononi, kusema gari tayari. Nyuma yake Signora mwenyewe, na glavu zake. Kauliza kuna nini, Bacì kamweleza kila kitu. Nilitamani anifukie mimi.

Signora kamtazama Livio kidevu. Kamtazama miguu. Muda mrefu.

"Masaa matatu ni masaa matatu," kasema. "Tumbo halichezewi. Secondo, mpigie simu dada yangu, mwambie ale bila mimi."

Akavua glavu, akaketi! Secondo akabaki hajui aende kwenye simu au ambusu mkono.

Basi tunangoja. Naandika hapa mlangoni pa kibanda cha kubadilishia nguo, kivulini. Livio yuko juu ya mchanga. Signora anamlinda kwa mwavuli wake, na Livio anautaka huo mwavuli. Kaukamata. Signora anavuta, naye anavuta. Nilitaka kwenda kumtoa, Secondo kanizuia kwa macho. Sasa mabibi wote wameinua shingo, Bacì kashika koleo hewani. Mgongo wa Signora umenizibia, sioni kitu. Ananiita — Delfina, kwa jina langu, sijui kalijua lini — taratibu, bila kugeuka, kama mtu mwenye ndege kiganjani. Anasema niache kuandika, nije, nisikimbie, nisimshtue mtoto, maana mwavuli Livio kauachia mwenyewe na bado kasimama