Filimbi Niliyopuliza Darasani

Mwamapalala, Simiyu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi ya Njombe? Viazi vimetoka vizuri? Mimi mwili ni mzima, ila roho haijatulia tangu Jumanne, na sitakuficha.

Siku hiyo nilikuwa nawafundisha darasa la sita kukata maneno ya Kiingereza yaliyoungana: foot-ball, black-board, grand-fa-ther. Kukata waliweza, kwa makofi. Shida ilikuwa mkazo. Silabi zote walizitamka kwa nguvu sawa. Nikatoa ile filimbi ya kaka ya urefa. “Penye mkazo, napuliza.” Foot, nikapuliza. Grand, nikapuliza. Wakaelewa, mama! Nami kwa furaha nikazidi kupuliza. Shule hii hata mpira huchezwa bila filimbi, wala sikujiuliza kwa nini.

Mara watoto wakageuka kutazama nje. Dirishani nikaona wanaume wanakuja mbio kutoka mashamba ya pamba, na fimbo na pinde. Kumbe huku filimbi ni ya sungusungu, walinzi wa kijiji. Ikilia mfululizo, ng'ombe wameibwa au mtu anauawa, na kila mwanamume hutoka. Kamanda wao aliingia akihema.

“Mwalimu, nani kavamiwa?”

Nilimwonyesha ubao.

Jirani yangu, Mzee Masanja, alianguka korongoni akikimbia, akavunjika mguu. Jumamosi naitwa kwenye mkutano wa sungusungu. Anayepiga yowe la uongo huweza kutengwa: hasalimiwi, haombi hata moto kwa jirani. Naogopa, mama. Nitaishije hapa peke yangu? Ulinionya kwamba ugenini mtu huuliza kwanza. Hata kwenda kumpa pole mzee nilishindwa.

Jana asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa mke wa Mzee Masanja, na kibuyu cha maziwa, akanisalimu kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, mwalimu. Mzee kanituma. Anasema aliisikia filimbi lakini hakufika. Anauliza, wewe hukuumia?”

Nililia mbele yake kama mtoto.

Nisalimie shangazi na wanakwaya wenzake. Kaka mwambie filimbi yake anayo kamanda, atafute nyingine. Niombee, mama, lakini si kwa ajili ya Jumamosi tu. Leo jioni nakwenda kukaa kando ya kitanda cha yule mzee, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi.

Mwanao,
Upendo