Jiwe la Luteni Paratene kwenye Bwawa la Wairākau

Mwaka umetimia, Paratene, tangu vita vikuchukue kule Tunisia, na mimi shangazi yako Kararaina bado nina hasira nawe. Nani alikupa ruhusa ya kufa?

Ulikuwa ukikamua ng'ombe huku unasoma kitabu kwa sauti, umekiegemeza kwenye uzio. Ng'ombe wetu wamesikia Kilatini kingi kuliko maaskofu! Na ukirudi kutoka chuo kikuu Auckland hukutuletea maringo. Ulivua viatu mlangoni, ukaenda kumenya viazi na mama yako.

Halafu ukajiandikisha jeshini. Mjomba wako Eruera alikucheka: "Wewe na miwani hiyo! Utawapiga Wajerumani kwa kamusi?"

"Ni nzito, mjomba. Ikimpata mtu kichwani haamki."

Wakakupa uluteni. Majeruhi waliorudi wanasema hukunywa chai kabla ya vijana wako, na siku ya mwisho, kwenye kilima kile, ulitangulia mbele yao. Ungeacha kutangulia wewe? Mkaidi tangu utotoni.

Sasa sikia. Wale watu wa halmashauri, uliowabwaga kwa hoja walipotaka kukausha bwawa letu tunamovua samaki wa mikunga, walirudi tukiwa bado tunakulilia. Wakasimika kigingi ukingoni, mtaro upite hapo. Bwana wao akatuambia, "Msemaji wenu si hayupo tena?" Iliniuma, mwanangu. Iliniuma sana.

Kimila, sisi Wamaori, mwaka ukitimia tunafunua jiwe la marehemu kaburini kwake. Jeshi linasema kaburi lako litabaki hukohuko Afrika. Tukaulizana, jiwe tuliweke wapi? Mama yako Ngāhuia, ambaye siku hizi haongei sana, akasema, "Kwani pale penye kigingi pana nini?"

Jana tumeking'oa. Jiwe lako limesimama kwenye shimo lilelile, limeombewa, na sasa ni mwiko jembe kugusa pale. Bwana wa halmashauri alikuja mbio, uso umemwiva. "Hapa ndipo mtaro unapopita!"

Mama yako akamwonyesha jiwe. "Msemaji wetu huyo hapo. Zungumza naye."

Unakumbukwa na mama yako Ngāhuia, dada yako Merehira, mjomba Eruera, mimi shangazi yako, na ukoo wote wa Wairākau. Hatutakusahau maisha yetu yote. Nawe usibanduke hapo.

Wairākau, Aprili 1944