Jicho la Baba Mezani pa Karata

Noreen, uko hewani? Niko hospitali na baba.

Tulikuwa ukumbi wa kanisa, karata za Ijumaa. Ghafla kope ya baba ikashuka. Lorne, rafiki yake wa tangu shule, akapiga meza: “Delbert! Unamkonyeza mwenzako! Uzee wote huo bado mwizi?”

Unajua kwetu kukonyezana mezani ni wizi mtupu. Watu wakacheka. MIMI NIKACHEKA.

Baba akasema, “Kichwa, jamani. Kinapasuka.” Lorne akamjibu, “Kila ukikamatwa unaumwa!”

Kila ukikamatwa unaumwa! Alimwambia hivyo!

Kope haikupanda tena. Nilipoiinua kwa kidole, jicho limeelekea pembeni, haligeuki. Akatapika juu ya karata.

Ambulensi imetambaa nyuma ya katapila linaloondoa theluji barabarani mpaka hapa. Daktari anasema tezi ndogo chini ya ubongo imevuja damu, ikabana mshipa wa fahamu unaoendesha jicho. Wamempeleka kupasuliwa. Hawatuahidi kitu.

Mlangoni alinishika mkono. Hakuuliza kama atapona, Noreen. Alisema, “Mwambie Lorne sikukonyeza.”

Lorne yuko hapa kando yangu, amekumbatia koti la baba. Kila nikifungua mdomo nimwambie, nashindwa.