Mkono wa Bendera

Itigi, 4 Machi 2024

Mwanangu Redempta,

Hujambo, na wajukuu hawajambo? Sisi wazima. Naandika kwa sababu kwenye simu sikusikii vizuri, masikio yangu yaliishia kwenye honi za treni.

Nina kichekesho. Wiki tatu sasa mkono wangu wa kushoto unainuka wenyewe na kujirusha, kama nilivyokuwa nikipunga bendera stesheni. Siuamuru. Nikilala unatulia. Miraji muuza asali ananitania, "Mzee Bonaventura, treni leo imechelewa!" Miaka kumi na minne tangu nistaafu, hakuna aliyekumbuka kuwa nilikuwa mtu wa reli. Mama yako ndiye anayenuna, mkono umemvunjia vikombe. Kichwa kinauma kidogo tangu nilipojigonga boriti ya zizi mwezi wa kwanza, lakini si kitu.

Baba yako

Mwanza, 17 Machi

Baba, shikamoo. Pole na kichwa. Sisi hatujambo, ila watoto wana mafua.

Nimecheka hadi fundi mwenzangu akasimamisha cherehani. Nimejiona mtoto tena, nakuletea ugali wa uwele na mlenda stesheni, treni ya Kigoma imesimama, unainua bendera, nami najua ni baba yangu anayeiruhusu kuondoka. Mkono umekumbuka kazi yake. Uache ucheze, Baba. Nimeikumbuka sana Itigi.

Mwanao, Redempta

Itigi, 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mafua yamepona?

Jumapili mbili sijaenda kanisani. Mkono ulimpiga mzee Yeremia katikati ya sala, wakasema nimelewa. Mguu nao umeanza. Mama yako anataka twende hospitali, nimekataa. Wataniondolea huu mchezo wa mkono, nami nitarudi kuwa mzee wa kukaa tu. Wewe mwenyewe umesema niuache.

Baba yako

Mwanza, 15 Aprili

Baba, shikamoo.

Anayekupa barua hii ni kaka Kefa, na amekuja na gari. Panda, nakuomba.

Nilimsimulia Rahel, jirani yangu nesi, nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja: je, baba yako alijigonga kichwa? Uliniandikia habari ya zizi, nami nikaipita nikakimbilia utoto wangu. Anasema huenda damu inavuja polepole kati ya ubongo na fuvu, inaukandamiza ubongo, ndiyo maana mkono unacheza. Ikiachwa inaua. Nisamehe, Baba. Nakutaka hata ukiwa mzee wa kukaa tu.

Mwanao, Redempta

Dodoma, 2 Mei

Mwanangu,

Hamjambo huko? Mimi sasa nakula vizuri, natembea hadi dirishani.

Walitoboa fuvu, damu nyeusi ikatoka. Siku ya tatu mkono ukatulia. Niliutazama juu ya shuka nikalia, nesi akadhani nina maumivu. Usijilaumu, mama. Mwenye kichwa ni mimi, na nilijua kinauma.

Daktari aliniuliza kwa nini nilichelewa hivi. Nikamwambia ukweli: nilikuwa na furaha.

Baba yako