Wajane wa Nyumba ya Elija

Mume wangu Yusufu,

Mungu akulaze pema. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyojifunza Mombasa ulipokuwa ukisomesha hesabu, kisha ukanichumbia nayo. Naogopa, Baba Idi. Majonzi hulala yakaamka, lakini hofu hii hailali.

Unaikumbuka ile Jumamosi nilipokuwa nakaanga mahamri, ukapiga ukelele mbele ya kompyuta, "Mke yangu, nimempata!" Siku zote nikikusahihisha, "mke wangu." Siku ile nilinyamaza, maana ulikuwa unalia. Miaka yote ulimtafuta baba wa babu yako kwenye sensa za Texas, kumbe karani aliliandika vibaya jina la ukoo. Elija. Mkulima wa pamba, shamba la kukodi, huko mashariki mwa jimbo. Hajui kusoma wala kuandika. Mke, Kalista. Watoto watano. Basi, hayo tu, nawe ukanisomea kama mtu anayesoma habari za mfalme.

Hukuwahi kuendelea. Ulianguka kwenye maegesho ya msikiti hapa Richardson, funguo za gari mkononi. Wakaniambia ni moyo. Nikasema ni kadari, nikafunga mlango, nikakaa eda.

Nilipotoka eda nikafungua kompyuta yako. Nilitaka kuimalizia kazi yako nimpe mwanetu Idi, basi. Nikaitafuta sensa iliyofuata. Elija hayupo. Mkuu wa nyumba ni Kalista, na karani ameandika: mjane. Nikamfuata mwana wao Henri, babu yako. Naye analima pamba, ana mke, ana watoto. Sensa za mbele, mkewe ndiye mkuu wa nyumba. Mjane. Baba yako alifia kiwandani ungali mdogo, hilo nililijua. Kisha wewe.

Kisha mimi, Yusufu, nimekaa kwenye kiti chako. Nikainuka, nikaiacha kompyuta ikiwaka.

Nikampigia shangazi yako Loretta, nikamuuliza Henri alikufaje. Akasema, "Aliinama kuchuma pamba, hakuinuka tena. Watu walisema ni jua." Na Elija je? Akajibu, "Naye walisema ni jua."

Na Idi wetu kule mjini Katy hukimbia kila asubuhi kwenye joto la Houston!

Nilimpigia, nikamweleza. "Mama, niko sawa," akanijibu kwa Kiingereza chake. "Watu wa zamani waliuawa na umaskini." Sikubishana naye. Nikaendesha gari mwenyewe mpaka Katy, mimi ninayeogopa malori, nawe wajua. Njia nzima, kila penye shamba nilimwona mtu ameinama. Wallahi nilimwona.

Nikazitandaza karatasi za sensa juu ya meza yao. Nikamwambia, "Mwanangu, sikuja kukubembeleza. Soma." Akasoma, akacheka kidogo, akaacha kucheka. Mkewe Zuhura akasoma nyuma ya bega lake. Akachukua simu akaomba miadi ya daktari, na siku ilipofika akampeleka mwenyewe, maana mumewe alitaka kuiahirisha.

Ukuta wa moyo wake umenenepa. Ni ugonjwa wa kurithi. Daktari alisema mtu anaweza kukimbia leo akiwa mzima, kesho akaanguka. Wamemtia kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, cha kuushtua moyo ukikorofika. Nilikaa pale nje nikisoma Yasini, nikasahau nimefika wapi, nikaanza upya, nikasahau tena. Alipozinduka aliniita "Mama" kwa sauti yako kabisa. Nilitoka nikaenda koridoni nikalia.

Sasa anatembea, anakula, analalamika kuwa kifaa kinamwasha. Hataruhusiwa tena kukimbia mbio zake. Namshukuru Mungu, na bado nashtuka kila simu ya Zuhura inapolia.

Maana yuko Safia. Mjukuu wako, Yusufu. Jumatatu anapimwa yeye. Anadhani anakwenda kupigwa picha, ameshachagua gauni. Jana alikuwa anaruka juu ya kochi, nikampigia kelele ashuke, akanitazama kwa mshangao, mimi nyanya yake nisiyemkemea kamwe. Akija kulala mapajani mwangu mchana, naweka kiganja mgongoni pake, nahesabu mapigo, nakosea, naogopa hata kupumua.

Namfikiria sana Kalista. Alibaki na watoto watano na shamba la mtu, akiwatazama wanawe wakiingia kwenye pamba, asijue amwogopee nani. Mimi najua. Sijui lililo zito ni lipi.

Kwaheri, mume wangu. Nakuahidi Jumatatu nitaingia na Safia mpaka ndani, na sitamwachilia mkono. Jibu likiwa baya, matibabu yataanza, naye akikua atahadithiwa yote, wala hatafichwa. Naogopa, Yusufu. Lakini nitakwenda.

Mkeo,
Mwanaisha