Aliyeshika Sahani ya Buni

Jumanne, 5 Agosti 2025

Nimepata mwanafunzi tena. Sikutaka! Jirani yangu Dorcas ndiye aliyeniletea. Alikwenda kuuza dagaa kwenye nyumba waliyopanga wanachuo, akamsikia mmoja analalamikia mchezo wa kuigiza, akaropoka kwamba kwake jirani yuko mwalimu mstaafu aliyeufundisha mchezo huohuo mpaka meno yakamtoka. Asante, Dorcas.

Msichana anaitwa Jovina. Anasomea ualimu, mwaka wa tatu, yuko kwenye mafunzo ya vitendo katika sekondari moja hapa Mkuyuni. Kapewa kidato cha tatu na ule mchezo wa vijana wawili waliopendana huku koo zao zikichukiana. Mwisho wanakufa wote wawili. Kila mwaka nilikuwa nawaua mbele ya darasa, na kila mwaka kuna aliyelia dawati la nyuma.

Anasema jana mwanafunzi mmoja alisimama: "Madam, si wangepanda tu boda wakatoroka?" Darasa zima likacheka. Yeye akaniletea mimi swali hilo.

Nikampa jibu. Watoroke waende wapi? Ukishatoka kwenu, unakofika wewe ni mtu wa kuja tu. Mimi niko Mwanza tangu sabini na moja, na juzi mwenyekiti wa mtaa kaniuliza kwetu ni wapi.

Hakuliandika jibu langu. Alikuwa ananitazama. Msomaji mzuri huyu – haharakishi.


Alhamisi, 7 Agosti

Leo nilimwuliza yeye ni wa wapi. Akasema Muleba, lakini kakulia hapa Nyegezi, nyumbani kwa baba yake. Nikauliza Muleba kwa nani. Akasema: babu yangu ni Mzee Kashaija.

Nilikuwa nimeshika kitabu. Nikaendelea kusoma kwa sauti mpaka mwisho wa ukurasa, bila kukosea neno. Hiyo ndiyo faida ya kufundisha.

Kashaija! Yu hai basi. Yu hai, ana wajukuu wanaosoma.

Niandike sasa, maana sijawahi kuliandika hili popote.

Baba yangu ndiye aliyekuwa akiwachanja watu. Wanaume wawili wakitaka kuwa ndugu, walikuja kwake. Aliwachanja kidogo tumboni, akapaka damu kwenye punje mbili za buni za tunda moja, kila mmoja akameza ya mwenzake. Huo ndio omukago. Kuanzia hapo wao ni ndugu kuliko ndugu, na watoto wao na wajukuu wao hawaoani. Kazi ya kushika sahani ya buni ilikuwa yangu, toka nikiwa mtoto wa miaka saba. Kila aliyechanjwa na baba nilimwona.

Baba akafa. Miaka mitatu baadaye Cleophace, mdogo wake Kashaija, akasema atanioa. Kashaija hakutaka. Alikuwa amekwisha kumtafutia binti wa mnunuzi wa kahawa. Basi akasimama mbele ya wazee akasema: haiwezekani, baba yetu na baba yake Odeta walichanjiana. Hawa ni kaka na dada.

Uongo mtupu! Mchanjaji hachanjwi – baba alikataa siku zote, alisema atakuwa ndugu wa kijiji kizima na mimi sitapata pa kuolewa. Nilisema. Nilisema kwa sauti, mbele yao. Wakaniambia msichana hana mdomo barazani.

Basi tukawa najisi, mimi na mama, watu wa kuvunja omukago. Baba zangu wadogo walipata sababu waliyokuwa wakiitafuta, wakachukua kibanja. Baadaye wakamwachia nani? Kashaija. Migomba ya baba, kahawa ya baba, kaburi la baba katikati. Sisi tulipanda meli Bukoba na godoro moja.


Jumapili, 10 Agosti

Misa ya kwanza. Kwenye sala ya Bwana nilifika kwenye mkate wetu wa kila siku nikanyamaza, nikawaacha wengine wasamehe. Nikaungana nao tena kwenye kishawishi.


Jumatano, 13 Agosti

Jovina alikuja na andalio la somo. Ameandika kwamba lengo la mchezo ni kuonyesha nguvu ya hatima. Nikalipiga mstari. Hatima! Watoto wote huandika hatima. Niliwapa alama nne kati ya ishirini. Mtu ameamua jambo, mtu ana jina na kofia, halafu tunaisingizia hatima.

Na kitu kingine kinachonikera kwenye mchezo ule: wanakufa upesi. Siku chache tu, vilio, basi. Mwandishi hakuthubutu kuwaacha waishi. Angemwacha yule kijana aoe binti wa mnunuzi wa kahawa, anenepe, apate watoto sita, awe anakwenda kanisani na mwavuli. Cleophace aliishi hivyo miaka thelathini na zaidi. Hakuniandikia hata kadi ya Krismasi. Hiyo ndiyo tanzia. Hakuna anayeiigiza.

Lakini hilo silo la leo. La leo ni hili.

Jovina ana mchumba. Josephat, muuguzi, yuko kituo cha afya upande wa Nansio. Mhaya mwenzetu, tena wa kulekule. Baba yake huyo kijana kakwama: haleti posa mpaka apatikane mzee wa kuthibitisha kwamba kati ya koo hizo mbili hakuna omukago. Padri kamwambia ni mambo ya kale, hasikii. Wazee waliokuwepo wamekufa wote. Msichana anasimulia huku anacheka, anasema: "Mwalimu, unaamini? Karne hii!"

Nikamwuliza babu yake Josephat aliitwa nani.

"Mzee Jovinary."

Jovinary! Mrefu, wa kigugumizi kidogo. Alipomeza buni ilimkwama kooni, akakohoa mpaka kofia ikaanguka, watu wote wakacheka, hata baba. Na aliyekuwa ameketi mbele yake, tumbo wazi, akimpigapiga mgongoni, alikuwa baba yake Kashaija.

Upo. Omukago upo! Kashaija hakujua, alikuwa seminari. Hajui mpaka leo. Najua mimi peke yangu duniani.

Sihitaji hata kudanganya. Yeye alidanganya akanivunja. Mimi nitasema kweli tupu, na kweli itafanya kazi ileile. Nimezunguka chumba hiki nikipiga makofi kama mwehu.


Jumatatu, 18 Agosti

Kashaija alikuja. Nilimwambia Jovina amweleze babu yake kwamba binti wa mchanjaji yu hai. Mwanawe alimshusha getini. Fimbo, koti, kofia. Amekuwa mdogo – nilikuwa namkumbuka mrefu.

Sikumpa shikamoo. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na moja, na nina akili zangu, lakini sikumpa. Aliisubiri. Niliuona mdomo umekaa tayari kwa marahaba. Nikamwambia: "Habari za safari?"

Akajikaza. Akaanza kulisifu daraja, kana kwamba kalijenga yeye. Zamani mnalala Busisi kusubiri pantoni, sasa unafumba macho ukifumbua uko Kigongo! Nikasema mimi sijawahi kulipita, sina ninakokwenda.

Chai. Halafu:

"Odeta, wewe ndiye ulikuwa unashika sahani."

"Unakumbuka?"

"Nani asiyekumbuka! Tumetafuta mzee kila mahali. Umebaki wewe tu. Neno lako moja, mtoto anaolewa."

"Zamani nilikuwa sina mdomo barazani."

Akacheka. Alicheka! Meno ya bandia yakapiga kelele. "Ah, Mwalimu! Mambo ya ujana hayo. Wote tulikuwa watoto."

Alikuwa na ndevu, mke na baiskeli. Mtoto gani huyo?

Akaniambia pia kwamba kaburi la baba wanalipalilia. Alilisema kama mtu anayetoa zawadi.

Nikamwambia: nitakuja Jumamosi kwenye kikao cha wakwe, na nitasema ninachokijua. Akafurahi sana. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru. Nikamwangalia mpaka getini na kufurahi kwake.


Alhamisi, 21 Agosti

Siku mbaya. Jovina alikuja na Josephat.

Nilikuwa nimejiandaa kumwona mjinga. Si mjinga. Ana kigugumizi kidogo, kama babu yake. Kaniletea machungwa ya Ukerewe, kisha bila kuulizwa akanitazama miguu iliyovimba, akainama akabonyeza, akauliza natumia dawa gani za presha na nani aliniambia nizinywe usiku. Jovina akamwambia: "We, umekuja kuposa au kutibu?" Akajibu kwamba bibi mwenyewe ndiye wa kuposwa, akikubali wewe nakuacha. Nikacheka kabla sijajizuia.

Tulisoma tendo la mwisho, watatu, barazani. Josephat akasoma sehemu ya kijana. Alikwama kwenye herufi p mara kwa mara, na Jovina hakumsaidia, alimngoja tu. Anamngoja vizuri.

Nikawauliza swali langu la mtihani: nani alaumiwe? Josephat akasema wazazi. Jovina akasema mlezi – yule mama aliyemlea msichana. "Maana yeye alijua kila kitu, Mwalimu. Mwanzoni yuko upande wao, anacheka nao. Siku ya siku anageuka."

Nikasema jibu zuri, muda umekwisha.

Dorcas alisikia yote kutoka uani kwake. Kwa Dorcas ukuta ni pambo. Nilimweleza habari nzima, jambo ambalo sikupanga. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono ina magamba. Akasema sisi Wahaya tuna shida, hata kisasi tunakifanya kwa utaratibu wa kikao. Yeye kwao Musoma angemfuata yule mzee mpaka mlangoni, akamtukana mbele ya mkewe, akarudi kula. "Mtoto mwache, Mwalimu. Babu ndiye mtukane."

Nikamwambia sitaki kutukana. Nimekwisha kuwa na hasira ya matusi, iliisha mwaka wa themanini hivi. Iliyobaki ni nyingine. Nataka akae kwenye kiti akisikia watu wakiinuka mmoja mmoja kuondoka, kama nilivyosikia mimi.


Jumamosi, 23 Agosti

Niko Nyegezi, kwa baba yake Jovina. Chumba cha Jovina, kitandani, katikati ya mikoba ya wageni. Mlango nimeufunga. Shajara nilikuja nayo, sijui kwa nini.

Ilikuwa hivi. Sebule imejaa. Wakwe upande wa dirishani, wenyeji upande wa televisheni. Baba yake Josephat akasema maneno yake, mafupi, ya mtu anayeogopa: hamkatai binti, anawaogopa waliokula kiapo. Aseme anayejua. Kashaija akanyoosha mkono kwangu kama anayekaribisha kwaya. Wanaume wote wakageuka kunitazama. Wote! Kimya kabisa. Miaka hamsini na minne nimeota kimya hicho.

Nikasimama. Nikamwona Jovina mlango wa jikoni, beseni la kunawia mikononi. Kanitabasamia.

Nikasema: naomba kidogo nikanywe maji.

Kashaija akanifuata hapa koridoni. Si mjinga huyu mzee, hajawahi kuwa. Akauliza kwa sauti ya chini:

"Upo?"

"Upo. Baba yako na Jovinary. Nilishika sahani."

Akaegemea ukuta. Nilisubiri niione furaha niliyoingoja. Niliiona, nusu. Alikuwa anahema kwa mdomo, na kola ya shati ilikuwa kubwa kwake.

"Sema haupo."

"Kama wewe ulivyosema wetu upo?"

"Mtoto hana kosa, Odeta."

"Na mimi nilikuwa nalo?"

Jikoni mtu akaangusha kifuniko. Akauliza nataka nini. Kibanja? Chukua kibanja, chukua na kaburi, tutaandikiana.

Nikamwambia sitaki migomba, nani ataipalilia? Rudi sebuleni. Simama. Waambie ulichosema juu yangu na Cleophace, na kwamba ulijua ni uongo wakati unasema. Kwa Kiswahili, wakwe na watoto wote waelewe.

"Mbele ya wakwe?"

"Mimi uliniweka mbele ya nani?"

"Nikisema hivyo, wataniamini tena kitu gani? Wataondoka."

"Labda."

"Na nikisema, wewe utasema haupo?"

Sikumjibu. Si ujanja. Sikuwa na jibu, na sina hata sasa. Nikisema haupo, nitakuwa nimeapa uongo juu ya mkono wa baba yangu. Nikisema upo, yule msichana atalirudisha beseni jikoni, na nitalijua tendo linalofuata, neno kwa neno.

Akaenda, nami nikajifungia humu chumbani. Nimesikia fimbo mpaka zulia likaimeza. Nimesikia anakohoa. Amesema, "Ndugu zangu, wakwe zangu," kwa Kiswahili. Kisha "mwaka ule". Kisha hakuna kitu.

Bado hakuna kitu.

Jovina amegonga. Nimefungua. Anasema: bibi – leo ni mara ya kwanza kuniita bibi – babu amesimama lakini hasemi, baba anataka kumkalisha. Njoo tu useme wewe, yaishe.

Nimemwambia: asikalishwe.

Hajaondoka. Amesimama mlangoni, ananitazama, anangoja. Nami naandika ili nisiinue uso –